Ombi la Kutolewa Kwenye Kitabu cha Kompyuta

Valjevo, Novemba

Kwa Mheshimiwa Profesa Tihomir Vukotić,
Kitivo cha Kompyuta, Belgrade.

Mheshimiwa,

YAH: KUTOLEWA KITABUNI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kitabu chako, ambacho nasikia hakuna chuo nchini kisichokifundishia. Mimi ni Vidosava, mdogo wa marehemu mama yako, niliyekulisha na kukuogesha. Nakuandikia kwa adabu zote, maana kwenye simu kila siku uko kwenye masahihisho.

Kwanza, chupa. Katika sura ya kutafuta vitu umeandika kwamba nina chupa elfu za pilipili hoho za kusaga, na nikitaka moja naanza kukagua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka niipate. Njia hiyo ya kijinga umeipa jina langu. Juzi nilikuwa duka la dawa napekua mkoba nikitafuta cheti cha daktari. Binti wa pale, ambaye chuoni alipitia kitabu chako, akaniambia, "Mama, ukitafuta kwa njia ya Vidosava tutafunga duka." Nikamwonyesha kitambulisho. Maskini, alinipa dawa, kisha akaomba tupige picha. Stoo yangu naijua hata umeme ukikatika, na wewe unajua kwamba naijua.

Pili, na hili ndilo linaloniuma. Ulinipigia simu ukaniuliza kwa upole nani huja kwangu siku ya slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, na nani hasemi na nani. Nikafurahi. Nikasema, mtoto amekumbuka nyumbani. Kumbe mwenzangu unaokota mifano. Sasa liko zoezi: "Wapange wageni wa Vidosava kwenye meza chache iwezekanavyo, bila mahasimu kukaa pamoja," na majina umeyaacha vilevile. Ratomir, shemeji yangu. Ljubinka, jirani. Ugomvi wao wa mti wa plamu ulikuwa siri ya mtaa huu, sasa umetoka kwenye mtihani. Mjukuu wa Ljubinka aliukuta huko chuoni Novi Sad, akampigia bibi yake kumuuliza ni nani hasa aliyeukata mti. Wote wawili wameapa kwangu hawakanyagi tena. Anayeringa ni padri Gavrilo peke yake, kwa kuwa kwenye majibu anaweza kukaa meza yoyote.

Slava ni Jumapili hii. Unajua kwetu hakuna kualika: anayekupenda huja, na asiyekuja mtaa mzima humwona hakuja. Nimeshafunga sarma, zile nyama za kuviringwa kwenye majani ya kabichi, za watu wengi, na naogopa, mwanangu, kukaa peke yangu na mshumaa na mkate wa mtakatifu. Kweli asante ya punda ni mateke.

Tatu, umeniua. Toleo jipya, sura ya kugawanya: "Marehemu Vidosava ameacha nyumba, shamba na ng'ombe mmoja." Mwanangu Krunoslav, binamu yako, alikuja na utepe akapima jikoni huku mimi nakaanga. Nilipomuuliza, akasema, "Mama, kitabu kinataka tugawane kwa haki, mimi natii elimu tu." Ng'ombe mwenyewe sina. Naomba nifufuliwe kabla ya mitihani ya Januari.

Kwa hiyo nitoe kitabuni kabisa. Ukikosa wa kumweka, mama mkwe wako yuko hapo Belgrade, mzima wa afya, na katika sura zote sijaona amepoteza hata kijiko.

Msalimie mkeo, wasalimie watoto, na huyo mama mkwe naye msalimie.

Wako kwa malalamiko na kwa damu,
Vidosava (hai)

Nyongeza: Bahasha nimeifungua tena. Ratomir na Ljubinka wamekuja kutia sahihi barua hii, kila mmoja kivyake, wakakutana jikoni. Wakabishana kitabu kimemwonea nani zaidi, wakala sarma, wakabishana tena. Hawajaongea hivyo tangu mti ulipoanguka. Jumapili wanakuja wote. Basi usifute kitu, hata kifo changu kiache, watu wameshakizoea. Kosa limebaki moja tu. Kwenye orodha ya wageni umeandika: "Tihomir, ambaye huja kila mwaka." Wanafunzi wa nchi nzima wanakupangia kiti. Mimi pia. Basi la saa nne asubuhi bado lipo.