Tuta la Kilima cha Ti Marie na Gari la Bibi Harusi

Barabara ya Ti Marie,
La Fortunée,
Trinidad.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,

YAH: TUTA LA BARABARANI LISILOHESHIMU NDOA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umekaa kwenye kiti kisichotikisika. Mimi ni Fitzroy Lezama, fundi cherehani wa hapa La Fortunée. Ile suti ya kijivu uliyoapishwa nayo niliishona mimi, na kama siku hizi inakubana tumboni, hayo ni mambo yako wewe na sufuria ya wali wa pelau. Leo siandiki kuhusu suti. Naandika kwa uchungu, ila kwa adabu, kuhusu tuta mlilolijenga kwenye mteremko wa Ti Marie, kabla ya kufika kanisani.

Ili unielewe, lazima kwanza ulijue gari langu. Ni gari dogo jeupe la milango minne kutoka Japani, lenye turbo na tabia za farasi ambaye hajawahi kuiona lijamu. Mke wangu Merlyn alitaka gari la kwendea sokoni. Hili nalo linakwenda sokoni, ila linafika kabla wauzaji hawajapanga mboga.

Binti yetu Kerlyn alipochumbiwa na Dexter Sookhai, nikaapa kwamba atakwenda kanisani kwa gari hili, na kwamba nitaliandaa kwa mikono yangu, uani, chini ya mshelisheli. Nikaanza na afya yake. Nikamwaga oili kuukuu nikatia mpya, nikabadilisha plagi, nikaweka pedi mpya za breki, nikasafisha rejeta hadi ikang'aa kama sahani ya mgeni. Baada ya afya, urembo: bomba pana la eksozi ili injini ipumue, kichujio cha hewa kikubwa zaidi, na mwisho kabisa kulishusha bodi. Gari la mbio lililosimama juu juu ni kama bwana harusi ambaye suruali yake imeishia kwenye ugoko.

Boysie, kaka wa mke wangu, ni mtu aliyekwisha kuharibu magari mengi, hivyo ana uzoefu. Alikuja akaniona nimeshika msumeno.

"Shemeji, nunua springi fupi za gari hilo, na shokomzoba zake. Usizikate hizo."

Nikamkumbusha kwamba mimi nimekata vitambaa maisha yangu yote.

"Suruali ukikosea unaifumua," akasema. "Springi utaifumulia wapi?"

Nikakata. Nayaeleza haya ili uone, Mheshimiwa, kwamba kwa upande wangu maandalizi yalikuwa kamili. Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Tuta lenu linazibagua familia. Siku moja kabla ya harusi nililipita nikiwa peke yangu, likanilamba kidogo tu chini, tukaagana vizuri. Siku ya harusi nilikuwa na Merlyn kando yangu, na nyuma alikaa Kerlyn na gauni nililomshonea, lenye mkia wa kutosha kufunika meza ya karamu. Ubavuni mwake alikuwa Shangazi Eulalie kutoka Tobago, ambaye uzito wake sitautaja kwa kuwa ataisoma barua hii. Magurudumu ya mbele yakavuka. Tumbo la gari likakaa juu ya tuta kama kuku anayetamia. Nikakanyaga mafuta, moshi ukatoka, tusisogee hata unywele. Kwa hiyo mwanamume asiye na watu anaruhusiwa kupita, na mwenye mke, mtoto na shangazi anazuiliwa. Je, Halmashauri inataka kuwafundisha nini vijana wetu?

2. Tuta lenu limeingilia mambo ya ndani ya nyumba yangu. Merlyn alisema, "Fitzroy Ignatius Lezama." Jina hilo kamili nililisikia mara ya mwisho nilipobatizwa, na sikulipenda hata siku hiyo. "Si nilikwambia tukodi gari? Si nilikwambia?" Shangazi Eulalie akasema, "Mimi sishuki. Nilialikwa kupanda gari, sikualikwa kupanda mlima."

Nikamtazama Kerlyn kwenye kioo. Kichwa ameinamisha, mabega yanatikisika. Mheshimiwa, mimi nina mtoto mmoja tu. Alikuwa ameniomba wiki nyingi, kwa upole, apelekwe na gari la kawaida, nikamsihi akubali hili. Grisi ilikuwa bado imo kwenye kucha zangu hata baada ya kuzisugua kwa ndimu na mchanga. Sikuwa najionyesha, au tuseme sikuwa najionyesha tu. Nilitaka safari yake ya kutoka nyumbani kwangu ishinde safari zote alizowahi kwenda, na nilitaka niwe mimi ninayemfikisha. Na sasa nimemkwamisha mbele ya watu, akiwa na shela kichwani.

Nikasema, "Mwanangu, nisamehe."

Akainua uso. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka wanja umemteremka hadi kidevuni.

"Baba," akasema akipata pumzi kwa taabu, "hapa umepunguza mno."

3. Tuta mmeliweka mbele ya duka la ramu. Sijui mhandisi wenu alikuwa anafikiria nini, ila mteremko huo wote una nafasi za kutosha mbele ya nyumba za watu wasiopenda maneno. Wanaume walitoka dukani na gilasi mikononi kama watu waliokatiwa tiketi.

"Bwana Lezama, gari umelishona au umelipiga pasi?"

"Mwacheni, anaipima barabara kiuno."

"Jamani, bibi harusi yumo! Weka gilasi chini, wewe, shika huku!"

Kerlyn ndiye aliyewajibu. Alishuka, akalikusanya gauni langu lote akalifunga kiunoni, akavua viatu akamkabidhi mama yake, akasimama katikati ya barabara akiwapigia hesabu: "Moja, mbili, tatu, inua!" Wakalinyanyua gari pamoja na Shangazi Eulalie, aliyekaa ndani akiwapungia mkono kama malkia. Nasikitika kukuarifu kwamba gari liliposhuka upande wa pili, bomba la eksozi lilibaki kwenye tuta. Naomba nirudishiwe. Ni jipya.

4. Makelele. Gari lisilo na bomba, lenye turbo, likiteremka Ti Marie, halisemi kwa sauti ya kanisani. Mbwa walijificha. Bi. Ermine wa posta alianua nguo akidhani mvua ya radi inakuja. Hapo nimeambiwa na watu, kwa kuwa mimi sikuwa nasikia chochote, kwamba kanisani mambo yalikuwa yamefika pabaya. Padri alikuwa na mazishi baada yetu, na marehemu alikuwa amekwisha kufika, tofauti na sisi. Bi. Savitri Sookhai, mama wa bwana harusi, ambaye tangu mwanzo hakupendezwa na mwanawe kuoa binti wa fundi cherehani, alikuwa amekwisha kusimama na mkoba wake. "Kabadilisha nia, huyo. Tusijidanganye. Dexter, twende nyumbani." Na Dexter, kijana wa watu, alikuwa ameanza kulegeza tai.

Ndipo ngurumo ikasikika kutoka mlimani. Vioo vya madirisha vikatetemeka. Dexter akaikaza tai yake.

"Keti, Mama," akasema. "Anakuja. Yule ni baba mkwe."

Sasa kuna watu hapa kijijini, wakiongozwa na Boysie, wanaodai kwamba bila tuta bomba lisingeng'oka, bila bomba kung'oka kusingekuwa na ngurumo, na bila ngurumo kusingekuwa na harusi. Naupinga uzushi huu kwa nguvu zangu zote. Tuta lisipewe sifa ya kuokoa ndoa ambayo lenyewe lilitaka kuivunja. Ni sawa na kumshukuru mwizi kwa kukuachia mlango.

5. Kibao cha kuonya kwamba mbele kuna tuta kipo, sikatai. Kimefunikwa na bango la uchaguzi lenye picha yako, Mheshimiwa, unatabasamu, na chini yake maneno "TWENDE MBELE PAMOJA". Nilikuwa nalisoma bango hilo nilipoacha kwenda mbele.

Kutokana na hayo, naleta maombi yangu, na mimi si mtu mgumu, chagueni lililo jepesi. Ombi la kwanza, tuta lishushwe hadi lilingane na gari langu. Vipimo nitakuja kuvichukua mwenyewe, utepe ninao. Hilo likishindikana, naomba barabara nzima, kuanzia langoni kwangu, iinuliwe ifike kimo cha tuta, hapo hakuna atakayelalamika tena. Na kama hata hilo litawashinda, basi kanisa lihamishiwe upande wetu wa tuta. Nimekwisha kuzungumza na Padri. Hakukubali, lakini alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimepumzika vya kutosha siku hizi.

Nisalimie makarani wote wa ofisini, dereva wa greda, na yule mama anayejibu simu na kusema umetoka. Msalimie na mkeo. Mwambie kitambaa chake cha hariri kimefika. Merlyn anakusalimu. Shangazi Eulalie anakusalimu, na anasema safari nyingine atakuja kwa boti hadi mlangoni.

Wako mwenye kushika breki kwa heshima,

Fitzroy I. Lezama

N.B. Nilikuwa nimekwisha kulamba gundi ya bahasha, ikabidi niichane. Leo Kerlyn na Dexter wamekuja kula chakula cha mchana. Boysie alikuwa ameshanifungia springi za dukani na bomba jingine, gari limekuwa tamu kuliko lilivyowahi kuwa, na binti yangu akaomba ufunguo akalionje. Nikampa kwa furaha. Mheshimiwa, sikujua kwamba mtoto huyu anaendesha hivi. Alitoka langoni kama risasi, mumewe ameikumbatia dashibodi kwa mikono miwili, na kona ya posta niliisikia akiikata bila kugusa breki. Mahali pekee kwenye barabara yote hii alipopunguza mwendo, nilisikia vizuri kwa masikio yangu, ni kwenye tuta lenu.

Maombi yote ya hapo juu nayafuta. Naomba matuta mengine, manene, tangu hapa langoni kwangu hadi kwa wakwe zake. Saruji nitaileta mwenyewe, na tukiweza kuanza leo itakuwa vizuri, maana nasikia anarudi.