Sabuni Iliyofika Darini

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeelimika getini ninapolinda, tena bila ada. Bosi alikuwa akimwambia mgeni wake kwamba bei zikipanda yeye halali usingizi. Hakai na noti. Ananunua vitu vya mwaka mzima, anajaza stoo. Sisi tunanunua sabuni ya unga kwa vipakiti, kila wiki bei mpya! Kumbe tatizo si umaskini, ni elimu.

Jumatano, 6 Machi
Nimemuuzia kinyozi wa jirani cherehani ya mke wangu. Mwenyewe alikuwa kwa dada yake. Nimenunua mifuko ishirini ya sabuni, imefika darini. Kinyozi ameniita Profesa. Hatimaye ameona.
Mke wangu aliporudi aliuliza kama sare za shule za watu atazishona kwa meno. Nikamwambia avute subira. Sikupewa chakula.

Ijumaa, 8 Machi
Sabuni imepanda! Niliimba getini hadi Bosi akauliza kama naumwa. Unga wa kula nao umepanda. Mke wangu akasema tuuze walau mfuko mmoja. Nikakataa katakata. Bosi hauzi mapema.

Jumapili, 10 Machi
Mvua. Nilisahau kwamba stoo ya Bosi ina bati zima. Asubuhi povu lilitoka mlangoni kabla yangu. Majirani wakaja na ndoo na nguo chafu, wakanishukuru sana. Kinyozi alileta taulo zake zote! Mke wangu akawa anavuta mifuko mikavu chini ya kitanda.

Jumatano, 13 Machi
Nimekwenda kuikomboa cherehani. Kinyozi anataka bei mara mbili. Eti vitu vimepanda, Profesa, au hukusikia? Nikamwomba Bosi nyongeza ya mshahara. Akasema hali ni ngumu kwetu sote, kisha akaenda kuwasimamia mafundi wanaomjengea stoo ya pili.

Jumamosi, 16 Machi
Mke wangu ni jembe! Aliokoa mifuko mitano, sasa anafua nguo za watu. Pesa anazitia kwenye kopo nyuma ya kabati, za kurudisha cherehani yake. Naona fahari kuwa mume wake.
Kosa langu nimelichunguza. Mpango ulikuwa sahihi, bidhaa ndiyo niliyoikosea. Leo Bosi ameshusha magunia ya chumvi. Kopo limefika nusu, yaani magunia mawili. Na chumvi haitoi povu.