Zamu Yangu Chekechea

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameanza kazi kiwanda cha sabuni. Heri yake. Ila zamu yake ya chekechea imeniangukia mimi. Chekechea yenyewe ni ya ushirika: wazazi tumeianzisha wenyewe, na kila mzazi ana siku yake ya kumsaidia mwalimu darasani. Jumamosi tunakaa madawatini sisi wakubwa, tunafundishwa kulea. Mimi! Dalali niliyemuuzia mpishi mstaafu nyumba isiyo na jiko, eti nikafundishwe kulea.

Kesho naumwa mgongo. Nimeshaamua.

Jumanne, 4 Machi

Nimefika nimejikunja, mkono kiunoni. Binti yangu, Kidoti, kaangua kilio langoni kama kila asubuhi ninapompeleka, kaning'ang'ania mguu. Nikawaeleza wazazi wengine kwamba mtoto hawezi kuachana na baba yake, mapenzi yamezidi. Wakaguna. Wivu.

Mwalimu akanipa pole ya mgongo, akasema basi nitafanya kazi ya kukaa, nikate karatasi. Kwenye kiti cha mtoto wa miaka minne. Kukaa nilikaa. Kuinuka ndiyo ikawa kasheshe: kiti kikainuka pamoja nami. Darasa zima likaangua kicheko. Aliyekuja kunibandua ni seremala, baba wa mapacha, mwenyekiti wa wazazi. Watoto wanamwita Mjomba Misumari na kumkwea kama ngazi. Akalegeza skrubu taratibu, kisha akauliza kama mgongo umeshapona, maana nilikuwa nimeruka wima.

Huyu mtu lazima ang'oke kwenye uenyekiti.

Alhamisi, 6 Machi

Mkakati: niwateke watoto, wazazi watafuata. Nimekwenda na peremende mifuko yote ya suruali. Kwa muda mfupi nilikuwa mfalme. Kisha zikaisha. Waliokosa wakalia, waliopata wakakimbizana juu ya meza, mmoja akaisokomeza yake puani. Seremala akamwambia azibe tundu la pili apulize kwa nguvu. Ikatua shatini kwangu.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia tu, kwa upole unaouma, kwamba Jumamosi nisikose.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikaa nyuma na swali gumu la kumwaibisha mwenyekiti. Mwalimu akaniwahi. Akataka kila mmoja aseme mtoto wake anaogopa nini. Muuza maziwa akasema wake anaogopa puto. Seremala akasema pacha mmoja anaogopa giza, mwingine anaogopa kuachwa na mwenzake. Mimi nikasema simba. Mwalimu akauliza Kidoti amemwona wapi simba. Nikasema ni hofu ya ukoo.

Seremala akasema polepole, macho chini, kama yeye ndiye mwenye kosa, "Kidoti anaogopa choo cha hapa, ndugu yangu. Ule mvumo wa maji. Ndiyo maana analia asubuhi."

Choo! Siku zote najitapa langoni, kumbe si mimi, ni choo.

Nimemuuliza mke wangu kama alijua. Alijua. Anasema aliniambia mara nyingi, na kila mara nilikuwa kwenye simu na mteja.

Jumanne, 11 Machi

Leo sikuumwa popote. Nimempeleka Kidoti chooni mwenyewe. Nikaanza maneno ya kazini: choo cha kisasa, hewa ya kutosha, majirani watulivu. Akaanza kutetemeka. Nikachuchumaa kama mwalimu alivyotuonyesha, uso wangu ukawa sawa na wake, nikanyamaza. Sijapata kunyamaza hivyo tangu niingie kwenye udalali.

Baada ya kitambo akaninong'oneza, "Baba, hayo maji yatanichukua?"

Nikamwambia anishike mkono, tuone kama yatanichukua mimi, kwa kuwa mimi ndiye mnene. Nikavuta mnyororo. Akafumba macho. Akafumbua. Bado nipo. Akataka tena. Na tena. Kisha akavuta yeye. Tulivuta mpaka maji yakakata chekechea nzima, mwalimu akaanza kuhangaika na ndoo. Kidoti alicheka mpaka akakaa chini. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia akicheka hivyo. Niligeukia ukuta kidogo, vumbi liliniingia machoni.

Jumatano, 12 Machi

Kaingia langoni bila chozi. Hakugeuka hata kunipungia mkono. Nimebaki pale kama nguzo ya umeme. Seremala akanigusa bega, akasema nimefanya kazi nzuri. Ameona nimemzidi, sasa anajipendekeza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwomba mwalimu anipe somo la Jumamosi nifundishe mimi. Mada: Baba Anayemjua Mtoto Wake. Alinitazama sana, akasema tutazungumza. Maana yake amekubali.

Baada ya chakula cha mchana nimezima simu, nimejifungia chumbani, nimeandika bila kuinua kichwa. Ile sehemu ya kumtanguliza mtoto mbele ya shughuli zote imeniliza mimi mwenyewe. Ndipo mlango ukagongwa. Seremala, na Kidoti mabegani kwake. Anasema chekechea imefungwa zamani, mtoto alibaki peke yake na mwalimu, simu yangu haipatikani, na leo nilikuwa nimeahidi kumchukua mimi.

Nimezifunika karatasi haraka kwa mto. Mjanja sana huyu. Amemtumia mwanangu mwenyewe kuja kuchungulia somo langu.