Kiuno Changu na Miguu ya Balozi

Jumatatu, 3 Juni 1974
Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Mbaraka, balozi wetu wa nyumba kumi, kapita na filimbi kutuita shamba la ujamaa. Kuchimba matuta mlimani. Nikamwambia kiuno kinaniuma tangu Pasaka. Akauliza mbona Jumamosi nilicheza ngoma harusini kwa Zainabu mpaka jasho likanitoka. Nikamjibu kwamba ndiyo iliyonimaliza kabisa.

Mbaraka ni mdogo kwangu. Mimi naanza shule, yeye ananyonya. Tangu apewe ubalozi anataka nimwamkie mimi. Shikamoo yangu hajaipata na hataipata.

Jumanne, 4 Juni
Limetoka tangazo. Asiyefika shambani hapati mgawo wa mahindi. Wanaosamehewa ni wazee, wajawazito na waganga. Uzee bado. Ujauzito, mke wangu Efrazia kasema nisithubutu hata kufikiria. Umebaki uganga.

Jumatano, 5 Juni
Nimeshuka Soni kuuza kabichi. Nikamkuta shemeji Yunis, aliyewahi kumpikia mmisionari wa Kijerumani. Kanieleza kwamba Wazungu wale wakiumwa mgongo hubonyezwa nyayo! Ukingo wa ndani wa unyayo ndio uti wa mgongo, na karibu na kisigino ndipo kiuno kilipo. Nimerudi nyumbani mganga kamili. Efrazia kauliza nimesomea wapi. Nikamwambia Soni. Kauliza kwa muda gani. Sikupenda sauti yake.

Ijumaa, 7 Juni
Mungu yupo. Mbaraka kateguka kiuno akiinua jiwe la ujamaa. Kaja kwangu amepinda, anashika ukuta. Nikamkalisha barazani, nikamvua viatu, nikachuchumaa, nikaishika miguu yake.

Hapo ndipo Bibi Mwanamisi akapita na kuni kichwani. Akasimama. Akauliza kama siku hizi shikamoo inatolewa kwa vitendo, maana aliambiwa tangu utotoni kwamba maana yake ni kushika miguu ya mkubwa wako. Mbaraka, pamoja na maumivu yote, akanitazama kutoka juu na kusema marahaba.

Nikambonyeza kwa hasira zangu zote. Aliguna, akatokwa machozi, mwishowe akalala palepale mpaka alasiri.

Jumamosi, 8 Juni
Mbaraka anatembea wima! Anamsimulia kila mtu. Efrazia anasema kilichomponya ni kule kulala mchana kutwa bila kupuliza filimbi. Huyu mwanamke hajui kufurahia maendeleo ya mumewe.

Watoto wa shule wananipita wakiniitikia marahaba kabla sijafungua mdomo. Watu wazima pia. Iliniuma, siwezi kuficha. Lakini navumilia, kwa sababu Jumatatu kuna mkutano na Mbaraka kaahidi kunitaja. Msamaha huo naunusa. Nimeshaficha jembe darini.

Jumatatu, 10 Juni
Mkutano. Mbaraka kanisifu mbele ya wote. Kasema ndugu Sefania ametuletea tiba ya kweli, tena ya bure. Nikainua kidevu. Akaendelea kwamba tiba ya bure haihitaji mganga, kwani kila mwananchi ana mikono miwili. Na kwa kuwa kiuno sasa kina dawa, ndugu Sefania mwenyewe hana tena sababu ya kubaki nyumbani. Atabonyezwa nyayo kila asubuhi kabla ya filimbi. Wakamuuliza Efrazia kama ataiweza kazi hiyo. Alikubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Efrazia ndiye anayepasua kuni pale kwetu. Alianza palepale, na alipofika kwenye kisigino, nadhani hata watu wa Magoma bondeni walinisikia.

Kisha shambani. Jembe alilishusha Efrazia mwenyewe. Nilichimba tuta mpaka jua likazama. Mbaraka alipita kukagua, nami nimeinama, mkono wangu karibu kabisa na kiatu chake. Akasema marahaba.

Jumanne, 11 Juni
Kiuno kinauma. Safari hii kinauma kweli, siwezi hata kukaa. Nimewaambia. Wamecheka sana, kisha Efrazia akakunja mikono ya gauni na kuniambia nilete miguu.

Nikiwa nalia pale nikapata wazo. Asiyeweza kuguswa nyayo hawezi kutibiwa kiuno, na asiyetibiwa kiuno hawezi kushika jembe. Rahisi namna hiyo, nilikuwa wapi siku zote? Kesho naamka nachechemea. Nimemdokeza Efrazia kwamba nahisi mguu unaanza kuvimba. Kauliza upi.

Bado sijaamua.