Harusi Nzima Ilikula kwa Mkono wa Kushoto

Nimeaibika leo, tena mbele ya wageni. Nawaandikia wenzangu wa darasa la ufundi mapema, kabla habari hii haijawafikia kwa midomo ya watu wa Kyela. Wao wataitia chumvi, na yenyewe chumvi inayo ya kutosha.

Kwa ambao hamjaiona projekta ya Mzee Sefu: ni dude la zamani, wanaume wanne wanalibeba wakiguna. Mbele lina macho matatu, jekundu, la kijani na la bluu, na kila jicho linatoa picha yake. Fundi asipozilaza picha hizo tatu mahali pamoja, kila mtu ukutani anatembea na vivuli vya rangi pembeni. Mzee Sefu ana duka la vitambaa hapa mjini. Biashara huria iliporuhusiwa aliinunua projekta hiyo kutoka hoteli moja ya Dar, akaanzisha kibanda cha video. Fundi wake ni mimi, Atupele, mwaka wa tatu sasa. (Ndiyo, mwanamke. Waliokuwa wanashangaa walishachoka.)

Wiki iliyopita mambo yakaharibika. Mnaijua mvua ya huku na joto lake. Ukungu uliota ndani ya lenzi, picha ikawa kama uji wa ulezi. Mzee Sefu akaniita.

"Binti, kuna mtu wa Mbeya anaitaka hii mashine. Na wakwe zetu wa Tanga wanakuja kuangalia kanda ya harusi ya Zuhura wangu. Picha ikitoka safi, mashine inabaki kwako. Ikitoka hivi, inapanda lori."

"Itatoka safi, mzee."

"Usinitie aibu mbele ya wakwe."

"Mimi tena, mzee!" (Huo mdomo wangu, jamani.)

Siku nne nilikuwa nayo. Nikafungua lenzi moja moja, nikafuta ukungu kwa pamba, nikabadilisha maji ya kupozea mirija inayotoa picha, nikapuliza vumbi la pumba kila kona. Kule Mbeya wangeniambia haifai. Mimi niliifanya ifae, kwa bisibisi mbili na taa ya mfukoni. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma yanayofuata.

Leo tukaihamishia kwenye ghala la mpunga la Mzee Sefu, maana kibanda ni kidogo kwa wageni wa heshima. Ghala halina dirisha, hata mchana ni giza, na ukuta wake umepakwa chokaa. Nikaiweka mashine nyuma ya viti, ikitazama ukuta. Nikaiwasha saa sita, nikaiacha ipate moto, kwa sababu ukiirekebisha ikiwa baridi, picha zinahama baadaye. Kisha nikatoa ile mistari ya kupimia, mraba kwa mraba. Nikausukuma wekundu ulale juu ya kijani, nikaileta bluu juu yake. Saa nzima! Mwishowe mistari ikawa myeupe ukuta mzima, mpaka kwenye pembe. Kwenye pembe, jamani! Mafundi mnajua ninachosema. Nilikaa juu ya gunia nikaitazama tu, moyo umejaa.

Kanda nayo nikaijaribu dakika moja. Watu wanatembea, nyuso zina rangi ya watu. Nikaisimamisha kanda, mashine nikaiacha ikiwaka, nikaenda kuoga.

Alasiri wakaja. Bi Mwanahawa, mama yake bwana harusi, akakaa kiti cha mbele kabisa. Kulia kwake akakaa mwanawe Hamisi, kisha Zuhura. Mimi nikabaki nyuma na mashine yangu, pamoja na jirani yangu Mama Ipyana, aliyevaa kitenge cha sikukuu utadhani ndiye aliyeitengeneza.

Kanda ikaanza. Ghala zima likasema, "Aaah!" Rangi zilikuwa rangi kweli. Bi Mwanahawa akasema "Mashallah" mara mbili, nikazihesabu. Mzee Sefu akageuka akanitikisia kichwa kwa kuridhika.

Kisha ikafika karamu. Wanaume wamezunguka sinia la pilau.

"Astaghfirullah!" akasema Bi Mwanahawa.

Mimi nikadhani amezidiwa na uzuri wa picha. (Nacheka huku nalia.) Nikasimama. Nikakohoa. Nikasema kwa sauti ya mgeni rasmi, "Ahsante, mama. Ukitazama vizuri, unaweza hata kuhesabu punje za wali."

"Punje naziona," akasema. "Na mkono unaozipeleka kinywani nauona."

"Ndiyo, mama, hata vidole vinaonekana!"

Alimgeukia mwanawe. "Hamisi. Umeanza lini kula kwa kushoto?"

"Mimi? Mama, mimi sili kwa kushoto!"

"Si nakuona hapo!"

Na kweli. Ukutani Hamisi alikuwa anafinyanga tonge kwa mkono wa kushoto. Pembeni yake Mzee Sefu, kushoto. Shehe wa mji, kushoto. Sinia zima!

"Ndivyo mnavyokula huku, mkwe wangu?" Bi Mwanahawa akamuuliza Mzee Sefu. Maskini Mzee Sefu akaitazama mikono yake miwili kana kwamba kaiazima.

Mama Ipyana akaona atetee wilaya. "Hapana, mama! Gwe Atupele, mwambie! Hata sisi Wanyakyusa hatuli hivyo!"

Bi Mwanahawa akainuka. Akamshika Hamisi kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Hamisi ana kovu juu ya jicho la kushoto. Akatazama ukuta. Kovu liko kulia.

"Huyu wa ukutani," akasema taratibu, "si mwanangu."

"Sasa mimi nimeolewa na nani?" akauliza Zuhura.

Watu wakaangua kicheko, na hapo ndipo nilipoelewa.

Kule kibandani mashine inakaa nyuma ya kitambaa cheupe, watazamaji wanakaa upande wa pili. Kwa hiyo imefungwa itoe picha iliyogeuzwa, ili wao waione sawasawa. Na mimi nakaa na mashine, nyuma ya kitambaa. Miaka mitatu! Kila filamu nimeitazama kinyume. Watu wangu wote wanakula kwa kushoto, wanasalimiana kwa kushoto, wanapigana ngumi kwa kushoto, na mimi naona ndio ulimwengu. Ukiihamishia upande wa watazamaji, unatakiwa kufungua mfuniko ugeuze plagi tatu ndogo, moja ya kila jicho. Tulifundishwa wote, msijifanye. Ile mistari ya kupimia nayo haina kulia wala kushoto, haikuniambia kitu.

"Samahani, wazee wangu," nikasema. "Hamisi hana kosa. Ni mimi."

Mzee Sefu akanisogelea. "Nimwite mtu wa Mbeya?" Aliniuliza kwa upole, na upole ndio ulioniumiza.

"Nipe dakika kumi, mzee."

Nikazima, nikafungua mfuniko huku ghala zima likinitazama mgongo. Jasho linatiririka. Nikageuza plagi ya kijani. Nikageuza ya bluu. Nikafunika, nikawasha.

(Mmehesabu? Mimi sikuhesabu.)

Ukutani Hamisi wa kijani-bluu anakula kwa mkono wa kulia, safi kabisa. Na kutoka upande wa pili anakuja Hamisi mwingine, mwekundu, anakula kwa kushoto kwenye sinia lilelile! Shehe mwekundu anampita shehe halisi. Harusi mbili zinaingiliana.

"Yarabi!" akapiga kelele Bi Mwanahawa. "Sasa wamekuwa wawili!"

Mama Ipyana alianguka kwenye magunia kwa kucheka. Ndaga, asante sana, jirani mwema.

Nikafungua tena, nikageuza ya tatu, ile nyekundu niliyoisahau. Lakini ukishageuza, rangi zinatawanyika, lazima uanze kupatanisha upya. Nikatoa mistari, nikaanza mbele ya watu wote. Nilidhani wataondoka. Hawakuondoka. Bi Mwanahawa akaja akasimama begani kwangu.

"Huo wekundu unausukuma wewe?"

"Mimi, mama."

"Kwa vidole hivyo?"

"Kwa vidole hivi."

"Basi usukume kidogo tena, pale pembeni haujafika." Na kweli ulikuwa haujafika! Ana jicho yule mama.

Mstari wa mwisho ulipolala juu ya wenzake, ghala zima likashangilia. Nimetengeneza mashine hii mara nyingi peke yangu nyuma ya kitambaa, na leo ndiyo mara ya kwanza watu wameniona nikifanya. Nilijivuna, sifichi.

Nikairudisha kanda. Hamisi, mkono wa kulia, kovu mahali pake. Bi Mwanahawa akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Ndiye huyu," akasema. "Ndiye." Akaomba tonge lile lirudiwe mara tatu.

Mzee Sefu akatangaza kwamba mashine haiendi popote. Kisha akavuta kiti, akakiweka mstari wa mbele. "Na wewe kaa hapa, binti. Miaka mitatu inatosha huko nyuma."

Nikakaa. Mnaotaka kunicheka, basi chekeeni mbali mkiwa mmefunika midomo. Tumieni mkono wowote, kwa leo mimi sitofautishi.