Posa ya Jemedari wa Huba

Fyaa!

Hadi leo Ebeneza akiikumbuka sauti ile, masikio humwasha. Ilikuwa karatasi tu ikigeuzwa, sebuleni kwa Mzee Yonathani, Makambako. Lakini ilikuwa karatasi ya saba ya barua ya posa, na nyuma yake zilisubiri nyingine kumi na mbili!

Msishangae. Mtu aliyeandika riwaya thelathini na moja za mahaba ya enzi za watemi hawezi kuposa kwa karatasi moja kama karani anayeomba likizo. Vitabuni alijiita Jemedari wa Huba. Stendi ya Makambako watu waliwagombania mashujaa wake kuliko mahindi ya kuchoma! Mashujaa wenyewe walipanda farasi kutoka Mlangali hadi Njombe, njia ambayo farasi hajawahi kuonekana hata kwenye kalenda, wakawabusu mabinti wa watemi mpaka radi ikaona haya.

Nyumbani Njombe, Jemedari alikuwa Ebeneza tu: mzee wa kanisa, mwimba besi, kapera wa miaka arobaini na tisa. Siri ya vitabu aliifungia kabatini. Miaka minne alisimama kwayani nyuma ya Telesia, aliyekuja Njombe kikazi, binti wa Mzee Yonathani, na maneno aliyowahi kumwambia ni matatu: "Dada, daftari limeanguka."

Sasa alimtuma mshenga. Kwa desturi, mposaji hubaki kwake akingoja jibu. Ebeneza hakuweza. Mwandishi gani atakosa kuwaona watu wakiililia kazi yake? Akavaa kofia, akajifanya msindikizaji wa mshenga.

"Ukae kimya kama kiti," Anania mshenga alimwonya.

Akakaa.

Mzee Yonathani alisoma akihema kama anayepanda mlima. "'Ewe ua la nyanda za juu, kwa ajili yako nitachimba chuma cha Liganga kwa kucha zangu...' Mshenga, huyu kijana wako ana afya?"

"Anayo, mzee."

"Kucha je?"

Kando yake, Shangazi Scholastica alifumba macho, midomo ikimcheza. Ebeneza akavimba kwa fahari. Analia! Kumbe mwenzake alikuwa akimtangulia msomaji, maneno anayo kichwani.

"'...na hata radi itapiga magoti,'" shangazi akamalizia kabla ya kaka yake.

"Umejuaje?"

"Ukurasa wa tisini na mbili!" Akachomoa kitabu mkobani. "Haya ni maneno ya Jemedari wa Huba, neno kwa neno! Hebu endelea, kaka."

Fyaa! Mzee akaifikia ya saba. "'Nakuapia, Sekalinga wangu...' Sekalinga ni nani katika nyumba hii?"

Damu ilimkimbia Ebeneza kama jeshi lililosikia mzinga. Alinakili kitabu chake mwenyewe, akabadilisha jina la binti wa mtemi kila mahali. Kila mahali, isipokuwa karatasi ya saba!

"Mwizi!" shangazi akafoka. "Aibe maneno ya mtu mashuhuri aje kumlaghai mtoto wetu?"

"Mshenga, chukua barua yako," mzee akasema. "Hapa hakuna posa."

Ebeneza akapima. Akinyamaza, anampoteza Telesia. Akisema, usharika mzima utajua mzee wao anatunga mabusu, tena kajificha kwa wakwe kama mwizi wa kuku. Akavua kofia.

"Shangazi, sikuiba. Jemedari ni mimi. Na... mposaji pia ni mimi."

Shangazi akageuza kitabu nyuma, akaitazama picha ya zamani ya mwandishi. Akautazama upara.

"Huyu ana nywele."

"Zilikuwepo, shangazi."

Mzee Yonathani alijikohoza kuzuia kicheko, akashindwa vibaya. Alipopata pumzi akamwita Telesia, ambaye alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Alikuwa amesikia yote.

"Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu, baba. Barua hiyo ni ya Sekalinga, apelekewe mwenyewe. Mimi aniambie langu. Kwa mdomo wake, hapa hapa."

Jemedari wa Huba akafungua kinywa. Hakuja farasi. Haikupiga radi. Riwaya thelathini na moja zikamgeuzia mgongo zote kwa pamoja. Akavitazama viatu vyake, kisha akamtazama Telesia.

"Telesia," alisema, kwa sauti ambayo shangazi ilimbidi ainame kuisikia, "kwangu kuna baridi bila wewe."