Uzi Mwekundu Bandani kwa Mama Wilhelmina

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimeudhika. Shimba kinyozi kawaambia wateja wake kwamba filamu za Kichina zinazishinda za Kihindi, na wote wamekubali. Wangekataaje? Nani atabishana na mtu aliyemshikia wembe kisogoni? Maoni yangu yako wazi. Filamu ya Kihindi ina kilio, ngumi, mvua na nyimbo sita. Ya Kichina ina ngumi tu, na mtu akipigwa teke hahitaji kutafsiriwa. Niliposema hivyo watu walimtazama kwanza Shimba waone kama inafaa kucheka. Ndiyo Butimba yetu hii, hapa Mwanza. Fundi cherehani kama mimi, mwenye kidato cha pili, mtoto wa Bukoba, anasubiri ruhusa ya kinyozi!

Lakini kuna habari njema. Mama Wilhelmina, mwenye banda la video, anatafuta mkalimani wa kudumu. Mkalimani anakaa kiti cha mbele, ana kipaza sauti, anaeleza waigizaji wanasema nini. Akisema filamu ni nzuri, basi ni nzuri. Hakuna wa kumpinga. Nakitaka kiti kile kuliko kitu chochote. Nimemwambia Mama kwamba Kihindi nakijua. Shimba naye kasema anakijua. Mwongo mkubwa! Mimi pia sikijui, lakini nina akili. Nitajaribiwa Jumatano, yeye Alhamisi.

Jumanne, 7 Machi

Mbinu imeiva. Nimemwomba Mama mkanda wa kesho, eti nikague kama haujakwaruzika. Nimeutazama kwa jirani mwenye deki ya video. Katikati umeme ukakatika. Mgao! Haidhuru, filamu hizi nazijua. Mwenye masharubu ndiye adui. Kijana mwembamba ndiye shujaa, na yule msichana wa gauni la njano ni mchumba wake.

Jambo moja lilinisumbua. Msichana anamfunga kijana uzi mwekundu mkononi, kisha anamlisha kitu kitamu huku anatabasamu. Nimeliwaza nikishona mifuko ya suruali tatu. Halafu nikaelewa. Hirizi! Kaenda kwa mganga, na kile kitamu kina dawa ya mapenzi. Kumbe hata Wahindi! Shimba asingeling'amua hata kwa mwaka mzima.

Jumatano, 8 Machi

Saa tisa alasiri banda limejaa hadi mlangoni. Nimeanza vizuri mno. Nilipoeleza hirizi, kina mama waliguna, na Mzee Luhaga, mfuga ng'ombe anayeheshimika na kila mtu, akamwonya kijana kwa Kisukuma aukate uzi ule upesi. Moyo ukanijaa. Nikaongeza chumvi. Msichana alipoimba, nikasema anamwahidi kijana watoto saba.

Ikaja nusu ya pili. Mwenye masharubu akamwangukia kijana shingoni, akalia. Nikasema anaomba msamaha kwa mauaji. Watu wakakubali. Kisha mama mtu akatoa picha ya zamani: mvulana na msichana wadogo, wamepakatwa pamoja, msichana ana gauni la njano. Nikashusha kipaza sauti.

Nyuma kabisa akasimama Bi Odeta, aliyewapikia Wahindi wa mjini miaka kumi na miwili. Hakupaza sauti.

"Projest mwanangu, uzi huo dada humfungia kaka yake. Hao ni ndugu tangu mwanzo, na wenyewe wanajua."

Mzee Luhaga akachukua kofia yake. Akasema hakuacha ng'ombe wake aje kutazama ndugu wakiahidiana watoto saba. Nikamwambia kosa ni la aliyetengeneza filamu. Akatoka. Nimeona aibu, siwezi kukana.

Alhamisi, 9 Machi

Jaribio la Shimba limefutwa! Mama Wilhelmina kampa Bi Odeta kiti. Nilidhani nitaumia, lakini nilipomwona Shimba ananoa wembe kwa hasira njaa ikanirudi. Nimekula ugali na sato mzima.

Jumamosi, 11 Machi

Nimekwenda kumsikiliza Bi Odeta. Anatafsiri neno kwa neno, kweli tupu. Maoni yangu: ukweli unaipunguza filamu. Nje watu wakanizunguka, wakitaka kujua mimi ningesemaje. Nikawaeleza, tukacheka hadi jua likapoa. Shimba mwenyewe aliuliza kama yule daktari wa kwenye filamu angepona. Nikamponya. Mzee Luhaga kasema ya kwangu inapendeza zaidi, mradi nisiguse ndugu. Leo nina furaha kweli.

Kuna zaidi. Mwalimu Bernadeta wa chuo cha ualimu kanivuta pembeni. Mdogo wake Prudencia anaolewa wiki ijayo, naye anataka maharusi waingie ukumbini kwa wimbo wa Kilingala unaopigwa kila baa sasa. Kaniuliza kama maneno yake yanafaa mbele ya wakwe. Kilingala sijui hata salamu. Lakini sauti ile inabembeleza, na gitaa linacheka. Ni wazi mwimbaji anamsifu bibi harusi na mama yake. Nimemwambia hivyo, na nimeahidi kusimama siku hiyo nitafsiri kila ubeti, kwa kipaza sauti.

Mwalimu kafurahi sana. Kasema baba wa bwana harusi atafurahi zaidi, maana aliishi Kinshasa miaka kumi na tano. Vizuri sana! Nimemwomba anikalishe meza moja naye. Hatimaye nitapata mtu wa kuelewana naye.